Marui Kabla ya Bikoni

Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Matokeo ya sensa ya Agosti 2022 yalipotoka, kasi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 2.1: jiji lilikuwa limetoka watu 4,364,541 na kufika 5,383,728. Kwa miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani, unaolizunguka jiji kwa upande wote wa bara, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Mji wa Kibaha peke yake ulizidi maradufu, kutoka 128,488 hadi 265,360. Kisarawe, wilaya ambayo kati ya 2002 na 2012 haikuongeza hata watu elfu kumi, ilitoka 101,598 na kukaribia 160,000.

Watu hawajaacha kuja Dar es Salaam. Wanafanya kazi Kariakoo, Posta, Buguruni na bandarini kama zamani. Kilichobadilika ni mahali wanapolala, na karani wa sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mamia ya maelfu sasa wanalala Pwani.

Sura hii inahusu Marui, kata ya wilaya ya Kisarawe ambayo bado ni ya mashamba: mikorosho, minazi, miembe, mihogo, nyumba za udongo kwa za tofali, na watu wanaojuana kwa majina ya baba zao. Hakuna anayeiita kitongoji cha jiji. Nimeichagua kwa sababu hiyohiyo. Kiluvya, Msimbu na pembezoni mwa mji wa Kisarawe mambo mengi yamekwishaamuliwa. Kuta zimesimama, njia zimebanwa, na mzee aliyeuza hawezi tena kurudi nyuma. Marui bado kuna nafasi ya kuamua, na nafasi hiyo haidumu.

Wimbi lenyewe la wajengaji kutoka jijini linafahamika linavyosafiri. Upande wa Barabara ya Morogoro lilipita Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya, likafika Kibaha Maili Moja, Visiga na Mlandizi. Upande wa Pugu lilipita Gongo la Mboto, Pugu na Chanika, likapanda vilima hadi Kisarawe. Kila huduma mpya inalisogeza mbele. Mwaka 2020 maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yalifika mji wa Kisarawe kwa bomba kutoka Kibamba, na mji uliokuwa ukijulikana kwa ndoo na mikokoteni ya maji ukaanza kuuzika kwa jina lingine. Februari 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa ikawa na njia nane. Agosti 2024 reli ya kisasa ilizinduliwa rasmi hadi Dodoma, ikiwa na stesheni Pugu, na nyingine Soga, ndani kabisa ya Kibaha. Dalali hahitaji kusoma magazeti ya uchumi. Anajua kwamba stesheni ikishasimama, kila shamba la jirani linaanza kuitwa kiwanja.

Wanaokuja si matajiri. Hilo ni lazima lieleweke kabla ya kumlaumu yeyote. Ni mwalimu wa msingi wa Temeke, nesi wa Amana, fundi magari wa Gerezani, mama anayeuza mitumba Ilala, askari anayekaribia kustaafu. Wengi wamekaa miaka kumi au zaidi kwenye nyumba za kupanga za Uswahilini: ukumbi katikati, vyumba sita, familia sita, choo kimoja uani, kodi ya miezi sita mkononi mwa mwenye nyumba kila inapoisha miezi sita. Watoto wamekua, wa kike na wa kiume wanalala chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama ndiye mara nyingi anayeanza kusema kwamba sasa inatosha. Anataka mahali ambapo mtoto atacheza bila kupigiwa kelele na mpangaji mwenzie, na ambapo hakuna atakayemwambia ahame.

Benki hazina jibu kwa mama huyu. Kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, lakini hadi leo mikopo ya nyumba katika nchi nzima ni elfu chache tu, na riba yake kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Kwa hiyo watu hujenga kwa fedha taslimu, kipande kwa kipande. Kwanza kiwanja, kwa awamu za miezi kumi na mbili au zaidi. Halafu msingi, pesa za kikoba zikitoka. Halafu tofali zinafyatuliwa palepale saiti, zinakaa chini ya majani makavu zikimwagiliwa maji. Boma linapandishwa hadi linta, kisha kila kitu kinasimama mwaka mzima kwa sababu mtoto kaingia kidato cha kwanza. Linakuja kupauliwa, na hapo unatokea mjadala mrefu wa mabati, migongo mipana au midogo, ya rangi au ya kawaida. Milango na madirisha ya chumba kimoja yakishawekwa, familia inahamia hivyohivyo, sakafu ya udongo, nondo za kibaraza zimechomoza, umeme bado. Kumalizia kutakuja wakiwa ndani.

Ukipita maeneo haya jioni utaona maboma mengi yasiyo na paa, na ndani ya baadhi yake moshi unafuka. Humo anaishi mlinzi wa saiti na familia yake, mara nyingi kutoka mkoa wa mbali, asiyelipa kodi wala kulipwa mshahara wa maana. Amepanda matembele na bamia kati ya msingi na mpaka, ameweka kuku. Anaangalia mali ya mtu anayefika mara moja kwa mwezi. Katika takwimu za makazi hana jina: si mpangaji, si mwenye nyumba. Lakini mara nyingi watoto wake ndio wa kwanza kuandikishwa katika shule ya kijiji kutoka kundi la wageni, na mkewe ndiye wa kwanza kualikwa kwenye shughuli ya jirani. Historia ya mchanganyiko wa watu katika vitongoji hivi inaanzia kwake zaidi ya inavyoanzia kwa tajiri wake.

Mchanganyiko wenyewe si mgeni Kisarawe. Wamisionari wa Kijerumani walifungua vituo vyao Kisarawe na Maneromango mwishoni mwa karne ya 19, na Walutheri wa Kizaramo wapo kwa vizazi kadhaa sasa, wakizika na kuoana na ndugu zao Waislamu. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, kikaja Minaki mwaka 1925, kikaleta vijana kutoka kila pembe ya Tanganyika. Pugu, Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Kibaha nako, mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963 ulijenga shule, hospitali na mafunzo ya wakulima, na Shirika la Elimu Kibaha likazaliwa humo mwaka 1970. Mzaramo, mwenyeji wa vilima hivi, hajawahi kuishi peke yake. Tofauti ya sasa ni kwamba wageni wa zamani walikuja kusoma, kufundisha au kuoa, na ardhi ikabaki kwa mwenyeji. Wageni wa leo wanakuja na hati ya mauziano.

Hiyo hati nimeishika mikononi mara nyingi, na ni vizuri kuielezea ilivyo, kwa kuwa nyumba nyingi za pembezoni zimesimama juu yake. Mara nyingi ni karatasi ya daftari lenye mistari, siku hizi wakati mwingine imechapwa steshenari, lakini maneno ni yaleyale. Muuzaji anasema ana akili timamu na hajashurutishwa. Ukubwa unaandikwa kwa hatua za miguu au kwa eka. Mipaka inatajwa kwa pande nne: mashariki shamba la fulani, magharibi njia ya kwenda kisimani, kaskazini mwembe mkubwa, kusini bonde. Chini kuna mashahidi wa pande mbili, dole gumba la wino wa zambarau kwa asiyeandika, na muhuri wa mwenyekiti. Asilimia fulani ya bei imekwenda ofisini na nyingine kwa dalali. Miaka kumi baadaye mwembe umekatwa, njia ya kisimani imezibwa na fensi, na jirani wa mashariki ameuza kwa watu wanne. Karatasi haijabadilika. Dunia iliyoielezea haipo tena.

Na chini ya karatasi hiyo kuna tabaka lingine ambalo mnunuzi wa kutoka Tabata halioni. Miaka ya 1970 watu wa Pwani walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika wakakusanywa vijijini. Walikotoka pakawa mahame. Nyumba zilianguka, lakini miembe na minazi ilibaki, na kila ukoo unajua mti upi ulikuwa mlangoni pa nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilikata shauri hili kwa upanga: ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 ukathibitishwa, na haki za waliokuwepo kabla zikafutwa. Kisheria suala limekwisha. Katika vichwa vya watu halijaisha hata kidogo. Mtu hupandisha boma lake kwenye mahame ya watu, ana muhuri, ana mashahidi, na siku moja anafika bibi wa miaka themanini, anakaa chini ya mnazi, anasema kwa upole kwamba hapa ndipo alipozaliwa mama yake.

Ugumu unaongezeka kwa namna mali inavyorithiwa. Kwa desturi ya Kizaramo ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba wana neno zito. Uislamu umeleta mgao wake wa mirathi, unaowapa fungu watoto wa kiume na wa kike. Kwa hiyo shamba moja lina hesabu mbili za wenyewe, na zote mbili ni halali machoni pa jamii. Kijana mmoja mwenye shida ya haraka, pikipiki ya mkopo au mtoto hospitalini, akiuza kwa siri sehemu anayodai ni fungu lake, anakuwa ameuza fungu la watu ishirini. Kwa maoni yangu mauzo ya namna hii ndiyo chanzo kikubwa cha fujo, kuliko hata matapeli wanaouza kiwanja kimoja mara tatu. Tapeli hukimbia. Kijana yule anabaki kijijini, na dada zake wanapita kila siku mbele ya geti la mnunuzi.

Tazama sasa hesabu ya dalali. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, kama kinavyotangazwa, ni mita za mraba 400. Gawanya, unapata viwanja kumi. Dalali mwenye haya huacha njia ya mita sita na kupata viwanja vinane. Asiye na haya huacha njia ya bodaboda, anapata tisa. Kila mnunuzi baadaye anasogeza ukuta wake nusu mita mbele, na njia ya bodaboda inakuwa njia ya mtu na ndoo. Siku nyumba ikiungua, gari la zimamoto litasimama barabara kuu. Siku mama akishikwa na uchungu usiku, atabebwa. Na katika hesabu hiyo ya eka, hakuna mahali pa shule, pa zahanati, pa soko, wala pa kuzikia.

Makaburi yanahitaji kusemwa peke yake. Familia nyingi za Pwani huzika shambani kwao. Shamba likiuzwa, makaburi yanabaki ndani ya mpaka wa mgeni. Wauzaji waangalifu huyataja katika hati: kaburi la babu na la shangazi hayamo katika mauzo, na ndugu wataruhusiwa kuja kusafisha na kuomba dua. Wengine hawayataji. Nimeona makaburi ya mawe yakiwa yamezungushiwa ukuta wa fensi ya mtu, magugu yamejaa, na wenyewe wanaona aibu kugonga geti. Mwenye geti naye si mtu mbaya, hakuambiwa. Kijiji kinachotaka wageni na wenyeji waishi kama familia hakiwezi kuanza na jeraha hilo.

Nani basi anakuwa nani katika kitongoji kipya? Nchi nzima wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022, na zaidi ya watu wanne kati ya kumi hawajafika miaka 15. Pembezoni mwa jiji wingi huo wa watoto unaonekana kwa macho: kaya ni baba, mama, watoto watatu, na binti wa kazi au mdogo wa mke aliyeletwa kusoma. Mchaga amejenga karibu na Mndengereko, Msukuma karibu na Mngoni. Kanisa la mabati la wokovu linasali hatua chache kutoka msikiti wa kijiji. Kwa kawaida wanaelewana, na wanaelewana haraka zaidi pale watoto wanaposoma shule moja na wanawake wanapokuwa kwenye kikoba kimoja. Wanaachana pale mgeni anapopeleka watoto shule ya Kiingereza kwa basi la njano na mwenyeji anabaki na darasa la watoto tisini. Ndiyo maana mimi napima afya ya kitongoji kwa shule yake ya msingi kwanza, kisha ndiyo nauliza bei ya viwanja.

Mwenyeji aliyeuza anakwenda wapi? Wachache walijenga nyumba nzuri kwa pesa zile na wanapangisha fremu. Wengi walinunua eka nyingine mbele zaidi, ndani zaidi, hadi siku wimbi litakapowafikia tena. Na wimbi halichelewi: Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju miaka ya 1960 akaandika juu ya unyago na maisha ya kijiji cha Kizaramo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Bunju ya leo iko ndani ya jiji, ina daladala zake na nyumba zenye kuta ndefu. Yote hayo yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kuna watakaosema karatasi ndiyo dawa. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara inayofika mita 121 kila upande. Wengi wa waliobomolewa nyumba walikuwa na karatasi za aina fulani na risiti za kodi. Muhuri wa ofisi moja haukuzuia greda la ofisi nyingine. Na Kisarawe yenyewe ilishapata somo kubwa kuliko la viwanja. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji vya wilaya hii kwa miaka 99, ili kulima mibono ya mafuta. Vijiji viliahidiwa ajira, visima na huduma. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na ardhi ikawa imekwishatoka katika mikono ya vijiji. Taratibu zilifuatwa, vikao vilikaa. Wanakijiji wengi hawakuelewa kwamba ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla hairudi kirahisi, hata mwekezaji akiondoka.

Mpaka kati ya kijiji na mtaa wa mji una uzito hata katika mambo madogo. Januari 2022 kuunganishiwa umeme kijijini kulipangiwa bei ya shilingi 27,000, na mjini 320,960. Kwa hiyo mgeni anayejenga kijijini anafurahia bei ya kijiji na thamani ya mji, na ana kila sababu ya kutaka hali hiyo iendelee. Mwenyeji naye ana sababu yake kubwa zaidi ya kutaka kijiji kibaki kijiji: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji wakiwa wamekaa pamoja. Mtaa wa mjini hauna nguvu hiyo. Bikoni za wapima zikishafika na eneo likatangazwa la mji, maamuzi yanahamia kwenye madawati ya mbali.

Ndiyo maana nasema Marui ina nafasi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji uwezo wa kuandaa mpango wake: hapa shule ya pili, hapa makaburi, hapa msitu na chanzo cha maji, hapa barabara ya upana unaoeleweka, na hapa ndipo nyumba za wageni zitakapokaa. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la mume na mke pamoja, au la ndugu wote wa tumbo moja, ili kijana mwenye shida asiweze kuuza peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzie. Kilichokosekana ni mwenyekiti anayeuliza swali hilo kabla ya kugonga muhuri. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Wanawake hao wapewe daftari la mauzo walisome, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani amelima wapi na nani amezikwa wapi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika kila mkutano iwepo ajenda ya ardhi, isomwe kwa sauti: jina la muuzaji, ndugu waliosaini, ukubwa wa eneo kwa mita, njia itakayoachwa, makaburi yaliyomo, jina la mnunuzi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi wiki mbili kabla, na mnunuzi mwenyewe afike asimame mbele ya watu anaokuja kuishi nao, ajitambulishe yeye na watoto wake.